Kapasita ya kuzuia besi kwenye spika za mlangoni: nunua ipi?

Wiki mbili baada ya kufunga sabufa kwenye gari langu, na kapasita kwenye spika za mlangoni, mlango wa kushoto ulianza kunuka. Nilipofungua paneli nikaikuta kapasita imevimba, kichwa kimepasuka na maji ya kahawia yametapakaa kwenye waya. Ubavuni ilikuwa na mstari mweupe wenye alama ya kutoa. Mstari huo ndio ulioniponza, na ndio ninaotaka uukague kabla hujatoa hela yako.

Kapasita ikifungwa kwenye waya mmoja wa spika, inaizuia besi na kazi hiyo inabaki kwa sabufa. Spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wake) inahitaji kapasita ya mikrofaradi 400 hivi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) ili ianze kukata sauti za chini ya Hezi 100. Ya omu 8 inatosha 200. Inakata taratibu, desibeli 6 kwa oktavu, yaani kila Hezi zikishuka nusu, lakini spika ndogo inapumua kabisa. Tatizo ni kwamba umeme wa muziki unakwenda na kurudi. Kapasita yenye mstari imetengenezwa kwa umeme wa upande mmoja. Ukiigeuzia, inachemka kwa ndani. Wewe unataka isiyo na upande: haina mstari, imeandikwa NP au BP.

Namba moja kwangu ni Jantzen EleCap ya Denmark, volti 100. Naipenda na sifichi. Mbili za mikrofaradi 100 zikifungwa sambamba zinatosha spika ya omu 8, nne zinatosha ya omu 4. Nilizipima zangu kwa mita na zote zilikaribia namba iliyoandikwa, jambo ambalo sijalipata kwa za mtaani. Kuzipata ni shida. Mimi niliagiza kwa mtu aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya.

Ukizikosa, chukua mbili za kawaida zenye mstari, za mikrofaradi 1000, volti 50 au zaidi, uziunge hasi kwa hasi. Unapata 500 isiyo na upande, na kwenye omu 4 inakata karibu na Hezi 80. Fundi anayejua kazi hatashangaa ukimwambia hivyo.

Kapasita za polipropilini, yaani za plastiki, ziachie twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Kwa mikrofaradi 400 ni kubwa mno na bei yake inauma.

Zile za bei chee zilizoandikwa Hezi bila kutaja omu, ziache. Ya Hezi 100 kwa omu 4 inakuwa ya Hezi 50 kwa omu 8.

Nilirudi Kariakoo nilikoinunua, na ile iliyopasuka mkononi. Nilikuwa nimeomba NP na nimelipa bei ya NP. Muuzaji akaniambia, "Dada, kapasita ni kapasita tu," kisha akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Juu ya kaunta kopo la kapasita lilikuwa lile lile alilonitolea yangu, zenye mstari na zisizo na mstari zimechanganywa, zote bei moja.