Toyota Starlet EP82: gari la kwanza kwa kijana mwenye fedha kidogo

Mwishoni mwa miaka ya 2000, kijana wa Dar es Salaam aliyetaka gari la bei ya chini alikuwa akiishia mara nyingi kwenye Toyota Starlet ya umbo la EP82, na mimi nilikuwa mmoja wao. Bado naamini kwamba ni machache sana kati ya magari madogo ya petroli yanayomfaa anayeanza kuendesha kama hilo. Toyota iliingiza sokoni umbo hilo mwishoni mwa 1989 na kuliacha mwishoni mwa 1995, kwa hiyo langu, nililolinunua nikiwa na umri wa miaka 19 kwa shilingi milioni mbili na laki saba, lilikuwa limeshatumika Japani na kisha kupita mikononi mwa watu wengine hapa nchini. Fedha hiyo niliipata kwa kufundisha hisabati watoto wa mtaani kwetu Kimara baada ya kumaliza kidato cha sita, na upungufu uliobaki aliujazia mjomba, kwa sharti kwamba fundi wake alikague gari kwanza na kwamba nikate bima kabla ya kuliingiza barabarani.

Sifa yake kubwa ni injini. Langu lilikuwa na 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331, injini ileile ambayo Toyota iliifunga pia kwenye baadhi ya Corolla za matoleo ya 100 na 110, na hapo ndipo unafuu wake ulipo: kifaa kikiharibika hulazimiki kumsaka mtu mwenye Starlet ya kuchinjwa, kwa sababu maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani yalikuwa na vifaa vyake, vipya na vya mtumba, kwa bei ambayo mwanafunzi angeweza kuimudu. Gari lenyewe ni jepesi, halifiki kilo 900, na katika foleni za mjini lita moja ya petroli ilinipeleka kilomita 13 hivi, kiwango ambacho kwa mtu anayeweka mafuta ya elfu tano tano ni jambo la kushukuru. Ukifungua boneti unaiona ardhi kwa chini, na mkono unafika kwenye plagi, mkanda wa altaneta na chujio la oili bila kung'oa kitu kingine. Usukani wa langu haukuwa na pawa, vioo vilipandishwa kwa kuzungusha mkono, na kila asubuhi mjomba alinitaka nichomoe kijiti cha oili, nikifute kwa kitambaa, nikirudishe, kisha nikichomoe tena ndipo nisome kiwango. Mazoea hayo ninayo hadi leo, na naona yalinifaa kuliko mengi niliyofundishwa katika chuo cha udereva.

Udhaifu wake mkubwa ni joto, na hapa inafaa nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo Starlet nyingi zilipofia. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma na silinda hedi, yaani kichwa kinachofunika bloku kwa juu, ni ya aluminiamu, metali mbili zisizotanuka kwa kiwango kimoja, kwa hiyo gari likichemsha hata mara moja hedi huweza kupinda na gasketi inayoziba kati yake na bloku kuungua. Feni yake ni ya umeme na huwashwa na swichi inayosoma joto la maji. Swichi ikifa, gari linaenda vizuri kabisa barabara ikiwa nyeupe, kwa kuwa upepo unaipooza rejeta, halafu linachemsha mara tu unaponasa kwenye foleni ya Ubungo. Mafundi wengi wa mitaani huunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote, kisha hutoa thamostati, vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kuitupa. Sikubaliani kabisa na tiba hiyo, kwani injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na ugonjwa wenyewe, ambao aghalabu ni rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, unabaki palepale.

Siku ya kununua, fundi wa mjomba alifika alfajiri, akaweka kiganja juu ya injini kuhakikisha imepoa, akaniambia, “Mdogo wangu, gari usilikague likiwa limeshawashwa.” Alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole na kunionyesha maji ya rangi ya kahawia, kisha akafungua kifuniko cha oili na kukigeuza kwenye mwanga wa simu akitafuta utando mweupe unaofanana na maziwa, ambao ni dalili kwamba maji na oili vimekutana. Utando haukuwepo. Muuzaji alipunguza laki mbili kwa ajili ya rejeta, nasi tukaibadilisha wiki ileile pamoja na swichi na kuweka maji ya rangi, yaani kipoozi maalumu cha rejeta. Baada ya hapo nililipeleka Lushoto, nikapita Chalinze, Segera na Korogwe, na ule mpando wenye kona kali unaotoka Mombo kuelekea Soni nililipandisha kwa gia ya pili likiwa na abiria watatu, mshale wa joto ukibaki katikati mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu bodi, upepo wa bahari hauna huruma nalo. Inua zulia la buti na utazame shimo la tairi la akiba, kwa maana kutu huanzia hapo na kwenye matao ya matairi ya nyuma. Usalama ni wa zamani: langu halikuwa na mifuko ya hewa wala ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge unapofunga breki), na bati lake ni jembamba, kwa hiyo kwa mzazi anayemnunulia mwanawe ningesema wazi kwamba ni gari la mjini na si la kukimbizana na mabasi usiku katika barabara ya Morogoro.

Umbo lililofuata, EP91, lililotengenezwa hadi 1999 Vitz ilipochukua nafasi yake, lina bodi imara zaidi, na bei zikikaribiana ningechukua hilo. Anayelenga EP82 aulize mkanda wa taimingi, unaoratibu vali na pistoni, ulibadilishwa lini, maana unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, kisha aiache injini ingurume gari likiwa limesimama hadi feni ijiwashe na kujizima yenyewe. Muuzaji akikataa kusubiri dakika hizo, atafute gari jingine.