Dukati yangu ya Utrecht, 1724: nililipia meli, nikapata kidani

Nimekaa na dukati hii zaidi ya mwaka, naona sasa naweza kuisemea. Ni sarafu ya dhahabu iliyopigwa Utrecht mwaka 1724. Niliinunua 2023 kwenye maonyesho ya sarafu hukuhuku Uholanzi ninakoishi, kwa euro 950. Dukati ina gramu 3.49, dhahabu ya usafi wa 986 kwa elfu, na siku ile dhahabu yenyewe ilikuwa na thamani ya kama euro 200. Zilizobaki nililipia historia.

Sarafu yenyewe naipenda kwa moyo wote. Upande mmoja amesimama askari mwenye deraya, ameshika upanga na fungu la mishale 7, kwa idadi ya mikoa iliyoungana kuwa Uholanzi ya wakati ule. Amezungukwa na maneno ya Kilatini, Concordia res parvae crescunt: wakipatana, kidogo hukua. Upande wa pili kuna mraba wenye maandishi ya mistari mitano, yanayotamka kwamba sarafu hii inafuata sheria ya Dola Takatifu ya Kirumi, milki kubwa ya Ulaya ya Kati ya wakati ule. Wafanyabiashara waliiamini kiasi kwamba Urusi, kuanzia 1735, ilikuwa ikiinakili kimyakimya kule St. Petersburg. Ni nyembamba mno. Mara ya kwanza kuishika niliogopa itapinda.

Muuzaji alinipa na karatasi inayosema imetoka kwenye Akerendam, meli ya VOC, kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyovunjika 1725 kwenye kisiwa cha Runde, Norway, ikielekea Batavia, Jakarta ya leo. Watu kama 200 walikuwamo, hakupona hata mmoja. Wazamiaji waliyapata mabaki yake 1972 wakatoa makumi ya maelfu ya sarafu, na kati ya zile za dhahabu dukati za Utrecht za 1724 zilikuwa nyingi sana. Mwaka ulikubali, mji ulikubali. Nikalipa.

Nyumbani nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Ukingoni, juu kabisa ya kichwa cha askari, palikuwa na doa la rangi iliyopauka, na pembeni yake dhahabu imesuguliwa ikawa laini. Doa hilo nalijua tangu utotoni Tanga. Bibi yangu alikuwa na sarafu mbili za pauni za dhahabu alizozivaa kwenye mkufu, na sonara alipokuja kuzing'oa vishikio zilibaki na alama ileile ya lehemu. Nikamtazama tena askari: kifua na goti vimelika, kama kitu kilichosugua nguo miaka mingi. Sarafu zilizopakiwa Akerendam zilikuwa mpya, zikakaa chini ya bahari miaka 247, na dhahabu haili kutu. Hii yangu ilikuwa shingoni mwa mtu.

Niliipeleka kwa kampuni ya upimaji ili nisije nikamsingizia mtu. Kipimo chao cha hali ya sarafu kinakwenda kutoka 1 hadi 70, lakini yangu haikupewa namba kabisa. Waliandika kwamba ni halisi, ila iliwahi kutiwa kishikio kikaondolewa. Kwa wakusanyaji maneno hayo yanashusha bei vibaya, kwa sababu sura ya sarafu ikishaguswa na moto wa sonara hairudi. Gharama ya kupima na kutuma ilinitoka mimi, na nilisubiri wiki tisa.

Muuzaji alibisha mwanzoni, kisha akanirudishia euro 350. Angekubali pia kuichukua nzima, lakini sikutaka kuachana nayo. Kwa euro 600 naona nimelipa bei ya haki kwa dukati halisi yenye umri wa miaka 300, na nawaza sana juu ya mtu aliyeivaa kuliko nilivyowahi kuiwaza ile meli.

Anayeanza kukusanya ningemwambia aanze na dukati za Uholanzi bila wasiwasi, zipo za mikoa mbalimbali. Karatasi ya meli asiilipie hata senti mpaka jumba la mnada au orodha ya zamani imtaje waziwazi mwenye sarafu wa kwanza. Mimi sasa natafuta ya mkoa wa Zeeland. Mwenye nayo anitumie kwanza picha ya ukingo, pale juu ya kichwa cha askari.