Uzoefu wangu: boti ya Mbudya ambayo hairuhusu mtu kuruka mpaka maji yapimwe

Watu wakitafuta boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya, pwani ya Dar es Salaam, huuliza bei kwanza, kisha kama samaki wa kuchoma wapo. Kama safari yenu ni ya kuruka majini, anzeni na swali jingine: pale tunaporukia, nani anapima kina? Boti niliyopanda Kunduchi na vijana wa nyumbani ilikuwa na jibu la swali hilo, na ndiyo maana naisifia.

Tulifika upande wenye mwamba maji yakiwa yanajaa. Kwa kuyatazama tu ungeapa yanatosha, buluu iliyokolea. Nahodha akatoa mshipi wenye chubwi zito, kile kizito cha kuzamisha mshipi, akaushusha mpaka ukalegea, kisha akauvuta juu akiupima kwa mikono iliyonyooshwa. Pima moja na nusu. Pima ni karibu mita 1.8, kwa hiyo palikuwa na mita 2.7 hivi, na vijana walitaka kuruka kutoka juu ya paa la boti. "Bado, wanangu." Wakalalamika: "Mzee, maji yote haya?" Akawaonyesha kwamba ile rangi nzito ni majani yaliyoota chini. Penye majani maji huonekana marefu, penye mchanga mweupe huonekana mafupi, hata kama kina ni kile kile.

Akamtuma pia msaidizi wake avae miwani, apige mbizi na kuzunguka eneo lote. Nilimpenda sana kwa hilo, kwa sababu chubwi hupima pale tu lilipodondokea. Jiwe lililo hatua mbili pembeni halionekani kwenye mshipi.

Basi tukangoja. Pwani ya Dar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga au mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya kujaa ndipo maji hupanda kwa kasi zaidi, kwa hiyo baada ya saa mbili hivi mshipi ulitoa pima mbili na ushei. Hapo ndipo akaruhusu: mmoja mmoja, kutanguliza miguu, na haruki mwingine mpaka aliyetangulia ameshika ngazi.

Jambo moja naomba lisomwe taratibu. Kila siku maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Maana yake ni kwamba ukiruka vizuri Jumamosi hii saa nane mchana, Jumamosi ijayo saa ile ile, mahali pale pale, utakuta maji yamekupwa. Yule rafiki anayekwambia "mbona sisi wiki iliyopita tuliruka hapo" anasema kweli, na bado anaweza kukuvunja shingo. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo bure kwenye simu. Liangalie kabla hujalipa nauli.

Kijana wetu mmoja alitaka kupanda mwamba arukie kule. Nahodha alikataa katakata, na sababu yake ilikuwa nzito: mawimbi hula miamba ya matumbawe kwa chini, juu ikabaki imening'inia, kwa hiyo aliyesimama juu haoni kilicho chini ya miguu yake. Halafu lile jiwe linakata, na hakuna pa kupandia tena. Kutoka urefu wa mita 3 mtu hugonga maji kwa kasi inayokaribia kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni kama 35. Akitanguliza kichwa penye maji mafupi, shingo ndiyo inayobeba yote, na uti wa mgongo ukiumia hapo anaweza kupooza mikono na miguu maisha yake yote. Akiumia, msimkunje wala kumvuta kwa mkono. Mwacheni aelee chali, kichwa na shingo vikiwa vimenyooka, na mpige 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Sasa kasoro. Ngazi ya kupandia ilikuwa ya kamba, na kidaraja cha chini kilikuwa kinateleza kwenye fundo lake. Mtu aliyechoka, tena kwenye mkondo, anahitaji ngazi imara kuliko anavyohitaji muziki, na spika ya boti ile ilikuwa mpya kabisa. Majaketi ya kujiokolea yalitosha watu wazima. Ya watoto hayakuwepo. Sanduku la huduma ya kwanza niliuliza, sikuonyeshwa. Yote haya nilimweleza nahodha tuliposhuka, akanisikiliza vizuri.

Kuhusu malipo: Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na kiingilio cha hifadhi ni tofauti na nauli. Ulizeni kabla ya kupanda kama bei mliyopewa inajumuisha vyote viwili, na daini risiti. Msikanyage matumbawe. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni mpaka Septemba, bahari huchafuka upesi mchana, kwa hiyo nahodha akisema turudi mapema, rudini.

Mimi na vijana tutapanda nao tena. Wanangu wadogo nitawapeleka wakishabadilisha ile ngazi na kununua majaketi ya watoto.