Ramani za Zamani za Topografia kwa Wajenzi wa Njia za Treni: Ipi Ununue, Ipi Uchukue Bure

Mtu akianza kujenga njia yake mwenyewe kwenye Trainz au Open Rails, programu za kompyuta za kuigiza uendeshaji wa treni, siku za kwanza huishia kwenye injini na mabehewa. Kisha hufika siku ya kulaza reli, na hapo swali hubaki moja: ardhi ilikuwaje wakati ule? Picha ya setilaiti inaonyesha ardhi ya leo. Reli iliyong'olewa zamani haimo, yadi imekuwa maghala, bonde limekuwa ziwa. Ndipo wengi huanza kutafuta ramani za zamani, na wengi hulipia wasichopaswa kulipia.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja tu: ramani inakusaidia kiasi gani kuiweka reli pale ilipokuwa. Uzuri wake ukutani haukuhesabiwa.

Kabla ya kununua, soma pembezoni

Anza na skeli. Kwenye 1:24,000, milimita moja ya karatasi ni mita 24 za ardhi. Kwenye 1:62,500 ni mita 62 na nusu, kwa hiyo yadi yenye njia kumi zilizolala sambamba haifikishi hata milimita moja. Utaona mstari mnene mweusi na basi. Ramani ya skeli ndogo inakufaa kujua reli ilipita bonde gani. Swichi na njia za pembeni usizitafute humo.

Halafu tazama kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zimeachana kwa futi ngapi za kimo. Reli yenye mwinuko wa asilimia 1, kontua zikiwa za futi 20, hukata mstari mmoja kila futi 2,000, yaani kama mita 610. Hesabu mistari inayokatwa, pima umbali, na umepata mwinuko halisi wa njia bila kubahatisha. Lakini kontua zikiwa pana, hesabu hiyo inakufia mkononi. Mzunguko maarufu wa Tehachapi kule California hupanda futi 77 hivi kwa mwinuko wa asilimia 2. Kwa kontua za futi 40, mzunguko mzima unakupa mstari mmoja au miwili, basi.

Cha tatu ni mwaka, na hapa wauzaji wengi hawakusaidii. Karatasi moja huweza kubeba miaka kadhaa: wa upimaji, wa masahihisho na wa kuchapwa. Ramani ya mwaka 1958 iliyochapwa upya mwaka 1975 bado ni ardhi ya 1958. Kwenye ramani za Marekani za miaka ya sabini na themanini utakuta rangi ya zambarau. Hiyo ni nyongeza iliyochorwa kutokana na picha za ndege, bila wapimaji kurudi uwandani. Kwa mjenzi wa njia ni zawadi: ondoa zambarau akilini, unabaki na hali ya awali.

Nafasi ya kwanza: faili zenye koordineti, na ni bure

USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ilianza kazi ya ramani za topografia mwaka 1884, na mkusanyiko wake wa kihistoria unafika hadi 2006. Unapatikana kwenye tovuti ya topoView, nawe unachagua karatasi, mwaka na aina ya faili. Chagua GeoTIFF. Faili hiyo inajua yenyewe iko wapi duniani, kwa hiyo ukiifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, inakaa mahali pake bila wewe kupachika pembe nne kwa mkono. JPEG ya karatasi ileile inapendeza, ila kazi ya kuipachika inakuwa yako.

Jihadhari na datumu, yaani msingi wa vipimo ambao koordineti za ramani huhesabiwa juu yake. Ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa NAD27, wakati modeli za mwinuko za leo (data ya kompyuta ya vimo vya ardhi) zinatumia NAD83 au WGS84. Tofauti huwa makumi ya mita, na upande wa Pasifiki hukaribia mita 100. Ukiona reli yako inapanda ubavu wa kilima kilichoko ng'ambo ya mto, usimlaumu mchoraji kabla ya kukagua hilo.

Wala usidai usahihi ambao ramani haikuahidi. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1947 ilitaka asilimia 90 ya alama zilizo wazi zisiachane na mahali pake halisi kwa zaidi ya sehemu moja ya hamsini ya inchi kwenye karatasi. Kwa 1:24,000 hiyo ni futi 40, mita 12 hivi. Kwa hiyo usifuate kila mtikisiko wa mstari. Laza kona laini inayopita katikati yake, maana treni halisi nayo haikuendeshwa juu ya zigizagi.

Thamani kubwa ya ramani hizi huonekana pale ardhi yenyewe ilipofichwa. Bwawa la Fontana, Carolina Kaskazini, lilipokamilika mwaka 1944, maji yalimeza kipande cha reli ya Murphy. Modeli ya mwinuko ya leo inakupa uso wa ziwa, bapa kama meza. Kontua za karatasi iliyotangulia bwawa ndizo zinazokurudishia bonde. Itabidi uzifuatilie kwa mkono moja moja na kuzigeuza mwinuko. Ni kazi ya kuchosha, lakini njia ya mkato sijaiona.

Nafasi ya pili: inchi 25 za Ordnance Survey

Kwa njia za Uingereza, hakuna kinachoshindana na ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi hiyo, za inchi 25 kwa maili, yaani 1:2,500. Milimita moja ni mita mbili na nusu! Njia za stesheni zimechorwa moja moja, pamoja na majukwaa, meza ya kugeuzia injini, hata milingoti ya ishara iliyoandikwa S.P. na vibanda vya ishara vilivyoandikwa S.B. Maktaba ya Taifa ya Scotland inakuruhusu kuzitazama bure mtandaoni, nyingi zikiwa zimekwisha pachikwa juu ya ramani ya leo.

Kwa nini basi si za kwanza? Hazina kontua. Utapata vimo vya hapa na pale na alama za B.M. (alama za kudumu za kimo kilichopimwa) tu, kwa hiyo mwinuko itakubidi uutafute kwenye ramani za inchi sita, 1:10,560, ambazo kontua zinazo. Isitoshe, karatasi za zamani zilichorwa kaunti kwa kaunti, kila moja na msingi wake wa vipimo, na kwenye mpaka wa kaunti mbili kingo hugoma kukutana. Njia yako ikivuka mpaka huo, pachika kila upande peke yake.

Hapa ndipo kulipa kunaweza kuwa na maana: nakala yenye pikseli nyingi ya karatasi moja au mbili zenye stesheni kubwa. Maili zilizobaki za mashamba na ng'ombe, picha ya bure inatosha. Soma pia masharti ya matumizi, hasa kama unakusudia kugawa njia yako ikiwa na ramani hiyo chini ya nyasi.

Nafasi ya tatu: karatasi halisi ya mtumba

Nunua karatasi pale tu ambapo toleo unalolitaka halijaskaniwa popote. Uliza imekunjwa mara ngapi, maana mikunjo huvuta karatasi na koordineti hupinda pamoja nayo. Iliyoviringishwa ni bora. Skani kwa nukta 400 kwa inchi: kwa 1:24,000 kila pikseli inakuwa mita moja na nusu hivi, inatosha kabisa. Hifadhi kwa TIFF, kwa sababu mbano wa JPEG huanza kwa kula kontua nyembamba za kahawia.

Nafasi ya nne: nakala zilizochapwa upya

Zile za mchapishaji Alan Godfrey, zilizopunguzwa kutoka inchi 25, ni nzuri kusoma, na maelezo ya historia yaliyoko nyuma yake hukuonjesha mji ulivyokuwa. Kwa kazi ya vipimo, nenda kwenye skani ya ramani asilia.

Ramani ambayo si ya topografia lakini ibebe

Ramani za bima ya moto za Sanborn, kwa miji ya Marekani, kwa kawaida zilichorwa futi 50 kwa inchi. Waridi ni matofali, njano ni mbao. Kama stesheni yako ilikuwa na ghala la mizigo, hapo utajua lilijengwa kwa matofali au mbao na lilikuwa na ghorofa ngapi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi mtandaoni bila malipo.

Pesa ukiwa nazo

Zipeleke kwenye programu. TransDEM, kwa watumiaji wa Trainz, huchukua modeli ya mwinuko, huifunika kwa ramani yako, kisha hukutolea ardhi tayari kwa kulaza reli. Anayetumia QGIS anaweza kufanya sehemu kubwa ya kupachika ramani bure, ila itambidi ajifunze mengi zaidi.

Nafasi ya mwisho: diski ya "ramani elfu"

Niliwahi kuinunua moja. Zilikuwa karatasi zilezile za bure, zimepunguzwa ukubwa, na muuzaji alikata pembezoni ili zionekane safi. Pembezoni ndiko kulikokuwa na mwaka, datumu, umbali wa kontua na namba za koordineti.