Linux Mint 22.2 kwenye Dell ya mwaka 2012: miezi mitatu ya kuitumia nyumbani

Kompyuta yetu ya mezani ni Dell OptiPlex 7010, prosesa Core i5-3470, RAM GB 4, diski ya GB 500 ya zamani, ile inayozunguka. Niliinunua ya mtumba mwaka 2017. Humo nimetungia mitihani yote ya Kiswahili ya shuleni kwetu, na humo ndimo zilimo picha za marehemu baba ambazo hazipo kwenye albamu yoyote. Kwa hiyo suala la kuitupa halikuwepo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, ila tundu la usalama likigundulika halizibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Fundi akaniambia, "Mama, nitakupigia windo 11 kwa njia ya kuzunguka, itakubali tu." Huenda ingekubali, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Nikamshukuru, nikarudi na mzigo wangu nyumbani.

Novemba tukaweka Linux Mint 22.2, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, katika toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Ni bure, na masasisho yake yataendelea hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, kijana wangu akalipakua kwa bando la usiku, akaliandika kwenye flashi. Unawasha Dell huku unabonyeza F12, unachagua flashi, na mfumo unafunguka kutoka humo humo bila kugusa chochote kwenye diski. Hapo ndipo nilipoipendea. Jioni nzima nilijaribu intaneti, sauti na kioo kabla sijakubali lolote lifutwe. Mashine hii haina Wi-Fi, lakini nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushirikisha intaneti, ikaingia mtandaoni papo hapo. Kabla ya kubonyeza "sakinisha", nakili picha na mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha yafungue uone kama kweli yamefika. Mimi nilinakili mara mbili, moja nikaipeleka kwa dada yangu.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawalitaji wanapoisifia Mint: nusu ya wepesi nilioupata umetokana na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Nilinunua ya GB 240 kwa shilingi 65,000, na RAM nyingine ya GB 4 iliyotumika kwa 15,000. Zamani nikiwasha nilikuwa naweka chai jikoni, naimimina, ndipo naanza kazi. Sasa haifiki nusu dakika. Ukiweka Mint ukaiacha diski ya zamani utapata nafuu, lakini si ya kiasi hiki. Fedha ikiwa kidogo, anza na SSD.

Kazi yangu kubwa ni kuandika. LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, inakuja na Mint, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili ya kuongeza. Miaka yote nimetunga mitihani huku kila neno limepigiwa mstari mwekundu kana kwamba lugha yangu yote ni makosa. Siku niliyoiweka kamusi hiyo, ukurasa wa mtihani wa kidato cha tatu ukabaki mweupe, mstari mmoja tu, chini ya neno ambalo kweli nilikuwa nimelikosea. Nilifurahi sana.

Mafaili ya docx, yaani ya Word, yanafunguka, ila jedwali lenye seli zilizounganishwa huweza kuhama, hivyo mitihani ya zamani niliipitia mmoja mmoja. Nikimtumia mwenzangu cha kuchapa tu, natuma PDF.

Printa yangu inachapa vizuri, skana yake imegoma mpaka leo, natumia simu. Wewe chomeka printa yako wakati ule ule unapojaribu kutoka kwenye flashi, mimi nilisahau.

Mwenye duka anayetegemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, simshauri ahame kabla hajapata mbadala. Kwa mwalimu, mwanafunzi, au familia inayoandika, inayotazama video na kuingia mtandaoni, naipa tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu ya skana.