Huduma ya kuhuisha sheria ndogo za barabarani: nzuri, ila kagua majedwali
Kwa jiji ambalo sheria zake ndogo za barabarani zimerekebishwa vipande vipande, huduma hii ya kuzikusanya upya inastahili bei yake. Kifungu cha zamani na kipya vinawekwa sambamba, maneno yaliyofutwa yakipigwa mstari. Udhaifu uko kwenye majedwali, yaani orodha zinazoambatanishwa na sheria, na huko ndiko kesi hufia: kifungu kinasema kilomita 30 kwa saa, jedwali la mitaa bado lina 50, na kibao barabarani hakijabadilishwa. Dereva akikata rufaa, faini inaweza kufutwa. Wakabidhi watoa huduma mapema orodha ya vibao vyote, mtaa kwa mtaa. Tarehe ya sheria kuanza kutumika ifuate usimikaji wa vibao, si siku ya tangazo. Kitafutio? Cha kawaida tu. Nyota 4 kati ya 5.