Miezi minane na faiba dukani kwangu, Majengo, Moshi

Nina steshenari ndogo Majengo. Naprinti, naskani, na msimu ukifika nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Miaka yote nilitumia ruta ya laini, ile ya kuweka laini ya simu. Asubuhi ilikwenda vizuri. Ikifika saa kumi na moja jioni, watu wametoka kazini, mtaa mzima unagombania mnara mmoja, ukurasa unazunguka tu. Vifurushi navyo vilinila kama elfu tatu kwa siku, na kikiisha ni pale mwanafunzi yuko katikati ya kupakia cheti cha kuzaliwa. Najua kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za 2021 zilituruhusu kuhamishiana MB. Sawa, lakini wa kukuhamishia naye anazitaka.

Faiba, yaani intaneti ya waya, niliisubiri wiki tatu. Mafundi walipofika hatimaye, kazi haikuchukua hata saa moja: wakavuta waya mwembamba kutoka nguzo ya barabarani, wakaunga uzi wa kioo mwembamba kama unywele kwa kimashine chao, taa ikawaka kijani. Nalipa 55,000 kwa mwezi kwa kasi ya 20 Mbps. Nikipima mchana napata 18 au 19, jioni inashuka kidogo tu. Kasi niliizoea ndani ya wiki. Ila mkono bado unakwenda wenyewe kwenye simu kubonyeza nyota niangalie salio.

Mwezi wa tatu, fuso lililobeba majani ya ng'ombe likanasa waya na kuondoka nao. Taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mawimbi hayafiki, ikaanza kupepesa. Nikapiga huduma kwa wateja.

“Dada, hebu zima ruta, uiwashe tena.”

“Kaka, waya uko chini barabarani, nauona.”

“Sawa dada, lakini zima kwanza.”

Nikazima. Nilikaa siku nne bila mtandao. Nilipoomba zipunguzwe kwenye bili, nikaambiwa niandike barua pepe. Nimeandika, bado nangoja.

Kwa hiyo ile ruta ya laini sijaiuza, iko chini ya kaunta na kifurushi kidogo cha dharura. Na betri ndogo nimenunua, maana umeme ukikatika faiba nayo inalala. Hata hivyo kuna siku ambapo si laini wala faiba inayosaidia. Mei 12, 2024, kabla sijafungiwa faiba, kebo za chini ya bahari zinazotuletea intaneti zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kesho yake mimi na laini yangu, jirani wa photokopi na faiba yake, tulikaa nje tunatazamana.

Kama ni nyumbani na mna simu mbili, bakini na vifurushi, 55,000 ni hela. Mwenye duka la kazi za mtandaoni achukue. Ila kabla ya kulipa, waulize watu wa faiba boksi lao la kuungia waya za wateja liko nguzo gani na lina nafasi ngapi. Mama wa saluni, nguzo ya pili kutoka kwangu, alishalipa ndipo akaambiwa limejaa.